Senje, tangu nipewe ruti ya Magharibi podikasti yetu inakufa

Senje habari yako, na habari ya Kisumu na hilo joto. Mimi huwa nasoma hizi barua kila wiki nikicheka shida za wenyewe, sasa leo zimenifikia, usinicheke sana.

Naishi Nakuru pande za Free Area, niko na miaka 31, mke mmoja na mtoto wa miaka mitatu. Mimi na binamu yangu tuko na podikasti tuliyoanza zaidi ya mwaka mmoja uliopita, tunaongea na mafundi tu, hatuna siasa wala mapenzi. Fundi wa viatu, jamaa wa kuchomelea mageti, mama anayesuka vikapu, mzee wa kutengeneza saa ambaye ana droo nzima ya saa za watu waliokufa kabla hawajazichukua, yaani watu kama hao. Pesa hatupati na wasikilizaji si wengi hivyo lakini wako, kuna mama wa Molo alituandikia ati hutusikiza akikama na tukichelewa hata ng'ombe anajua. Kila Jumatano saa kumi na mbili asubuhi kipindi kinatoka. Vipindi 61 Senje, na hatukuwahi kuruka Jumatano, hata ile wiki tulimzika nyanya yetu kipindi kilitoka.

Sasa mwezi wa kwanza kazini wakanibadilisha. Mimi nauza mbegu, nilikuwa nazunguka Njoro, Molo, Rongai na jioni nalala kwangu, wakanipa pikapu na ruti ya Magharibi. Jumatatu alfajiri natoka Nakuru napitia Eldoret na Webuye nalala Bungoma, Jumanne Busia, Jumatano Kakamega, Alhamisi nashuka Mbale ya Vihiga na Luanda nalala Kisumu, Ijumaa napandia Kericho narudi nyumbani vumbi mpaka masikioni. Na kama uko huku unajua mwezi wa pili na wa tatu mtu wa mbegu hana hata muda wa kunyoa, kila agroveti inapiga simu kuuliza mzigo umefika wapi.

Nimejaribu, Mungu anajua. Bungoma lojingi ninayolala iko juu ya klabu, nikajifunika blanketi na simu ndani kama mtu anajifukiza, nirekodi yale maneno yetu ya kufungua kipindi, kusikiza baadaye ni rumba inaimba na mimi nahema. Tukajaribu kuongea na binamu kwa intaneti turekodi hapo hapo, sauti inakatika, mimi naongea yeye anaongea, halafu wote tunanyamaza, "endelea", "hapana endelea wewe", dakika arobaini tukatoa kama sita za maana. Busia nikakesha mpaka saa nane usiku nikimtumia faili, ikafika asilimia tisini bando likaisha, nikanunua lingine, ikaanza upya kutoka sifuri. Nilikaribia kulia.

Lakini Kakamega ndiyo iliniua moyo. Mteja wangu wa pale Khayega alinipeleka kwa mzee mmoja anatengeneza ngoma za isukuti, nikaketi naye kibandani saa tisa mchana nikishamaliza kazi. Mzee anaongea vizuri mpaka unasahau umeshika simu. Dakika ya kumi na moja mvua ikashuka, ile ya Kakamega haibishi hodi, mabati juu na kibanda hakina dari. Nikaacha simu ikirekodi nikidhani itapita. Mzee akakatiza stori akainuka, akaanza kuhamisha ngoma moja moja pale panavuja akizisogeza karibu na moto, akasema, "Hizi hazipendi mvua, ngozi ikinywa maji ngoma inaongea kama mtu ana mafua." Kwa rekodi unasikia mabati tu, yeye ni kama yuko ndani ya kisima. Sijaifuta kwa sababu tu ya kumhurumia.

Kwa jumla tumekosa Jumatano tano. Wikendi nikifika nyumbani nakimbilia chumba cha kulala, nafungua kabati la nguo naweka maiki katikati ya makoti, mke wangu ananipisha bila kusema kitu. Juzi jirani alimuuliza mtoto baba yako wapi, akasema "baba anaongea na nguo". Tulicheka. Mke hakucheka.

Binamu ndiye hunyoosha sauti na kupandisha vipindi, na wiki jana alinitumia ujumbe, "Buda sema kama uko ama hauko, nisikae kila Jumanne nikingoja faili kama mtu anangoja hukumu."

Sasa kuna mashine ya kurekodi na maiki zake mbili nimeiona mjini, elfu arobaini na mbili, na chama chetu kinaweza kunikopesha. Nichukue huo mkopo nirekodi vizuri barabarani, ama nimwachie binamu podikasti niuze mbegu zangu kwa amani?

Mtu wa Ruti, Nakuru

Mwana wa kaka,

Umeniita Senje, na huku kwetu senje ni dada ya baba, kwa hivyo nitakuongelesha kama wa nyumbani. Mkopo achana nao. Mashine ya elfu arobaini na mbili haitazima rumba ya Bungoma wala haitanyamazisha mabati ya Khayega, itakurekodia hayo mabati vizuri zaidi tu, usikie kila tone limeangukia wapi. Mambo ya sauti mimi si mtaalamu, lakini kijana wangu hapa nyumbani hurekodi kwaya ya kanisa na nilimkalisha chini na barua yako jioni nzima, kwa hivyo yale ya mitambo nitakayosema ni yake, ya watu ni yangu.

Vile naona mimi, shida yako si vifaa wala barabara. Hiyo podikasti ilitengenezwa na mtu anayelala kwake. Jumatano saa kumi na mbili, maneno ya kufungua mkiwa wawili, kuchekeana kidogo, halafu fundi, halafu kufunga, yote hayo ni ya mtu ambaye Jumanne jioni yuko Free Area na binamu yake ameketi mbele yake na chai. Wewe umekibeba hicho kiti cha Nakuru kizima kizima unataka kukiweka Bungoma juu ya klabu, na kila wiki unashangaa hakitoshei.

Kwa hivyo kigawe. Maneno ya kufungua na kufunga, ya kueleza huyu fundi ni nani na tumefika wapi, hayo mwachie binamu ayafanye peke yake Nakuru, chumba chake kimetulia na yeye ndiye anajua kipindi kitakaa vipi. Wewe ukiwa njiani kazi yako iwe moja tu, kuleta fundi. Mmoja kwa wiki, dakika thelathini, basi. Usijifunike blanketi tena. Na unajua ni nini kinanishangaza, unaandika hiyo ruti yako kama mtu amefungwa jela, na mimi nikiisoma naona mafundi wamejipanga kando ya barabara wakikungoja. Busia peke yake, pale mpakani ambapo watu wa baiskeli walikuwa wanavusha abiria kutoka boda moja hadi boda nyingine mpaka jina boda boda likazaliwa, huwezi kosa mzee wa kutengeneza baiskeli aliyeona hayo mambo yote yakibadilika kuwa pikipiki. Alhamisi unalala hapa Kisumu, Ijumaa kabla hujashika njia ya Kericho shuka Dunga alfajiri, utapata watu wa mashua na wa kushona nyavu, na hao ukiwaanzisha ni wewe utachoka kwanza. Mafundi wa Nakuru mmefanya 61. Hata mama wa Molo nadhani angependa kusikia wa kwingine.

Pa kurekodia unapo, ni hiyo pikapu. Kijana anasema gari lililosimama, vioo juu, injini imezimwa, mbali na barabara kubwa, ni studio ndogo nzuri kuliko vyumba vingi vya lojingi, manake viti vya kitambaa vinameza mwangwi na chumba kitupu chenye sakafu ya simiti kinaurudisha. Mkiketi mbele nyinyi wawili na maiki ya kubana kwa shati, ile ya waya inayochomekwa kwa simu, bei yake ni kama kuku mmoja wa kienyeji, inatosha kabisa. Ya waya, si zile za Bluetooth, hizo za Bluetooth nyingi zikirekodi mtu anasikika kama yuko ndani ya mkebe. Lakini usimtoe kila fundi kibandani kwake ati umpeleke kwa gari, wengine mikono isipokuwa na kitu hata mdomo haufunguki, wewe angalia mtu.

Na kabla sijasahau, pikapu ni ya mwajiri na saa ni za mwajiri. Rekodi kabla ya saa mbili asubuhi ama wakati wa chakula, usije ukaacha agroveti ya Mumias ikingoja mzigo na wewe unauliza mtu habari za randa. Asubuhi pia inakusaidia kwa mvua, si mimi nikufundishe, huku kutoka ziwani mpaka msitu wa Kakamega mvua zetu nyingi hupenda alasiri. Saa tisa Khayega chini ya mabati! Hapo ulijitakia kidogo.

Simu yenyewe iweke kwa hali ya ndege kabla ya kuanza, manake mteja akipiga katikati simu nyingi zinakata rekodi na hutajua mpaka ufike nyumbani. Rekodi dakika moja ya kujaribu, weka spika za masikio usikize, sio uangalie tu kama laini inacheza. Mwombe fundi azime redio kwa heshima, si kwa sababu ya kelele peke yake, ni kwamba binamu akikata neno wimbo wa nyuma unaruka kila mtu anasikia, na wimbo una mwenyewe, siku moja mtaitwa. Mkimaliza kuongea nyamazeni sekunde thelathini simu ikiendelea, hiyo sauti ya mahali pakiwa patupu binamu ataitumia kuziba mapengo. Na mwanzoni kabisa mwambie fundi hii itasikika kwa intaneti na watu usiowajua, aseme mwenyewe kwa mdomo wake amekubali. Tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na hata bila sheria, sauti ya mtu ni yake.

Ile ya kukesha Busia na faili iliniuma, kijana akacheka, ati ulikuwa unatuma gunia na mfuko ungetosha. Faili ya WAV, ile sauti ambayo haijabanwa, ya maiki moja inakula kama MB 5 kwa dakika, kwa hivyo dakika arobaini ni zaidi ya MB 200. Ukiigeuza MP3 ya kilobiti 128 ni kama MB 1 kwa dakika, hiyo ya dakika arobaini inashuka mpaka chini ya MB 40, na kwa maongezi ya watu wawili hakuna msikilizaji atajua tofauti. Kama unatuma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, usiipitishe kule kwa sauti. Ile kubwa ibaki kwa simu na nakala kwa memori kadi mpaka kipindi kitoke, hapo ndio ufute. Halafu tuma ukiwa umetulia Ijumaa usiku, kwani inakimbizwa wapi?

Haikimbizwi, manake Jumatano ya kila wiki naitoa. Najua itakuuma, 61 bila kuruka si mchezo, na mazishi ya nyanya mlipita nayo. Lakini hiyo ahadi mliiweka wewe ukirudi nyumbani kila jioni. Sasa iwe Jumatano moja ndani, moja nje, na msitangaze kurudi mpaka muwe na vipindi vinne vimekamilika kabatini. Wewe ni mtu wa mbegu, unajua mzigo hufika dukani kabla ya mvua, ukifika siku watu wako shambani unauzia nani? Mwezi wa tano kazi ikipungua jaza kabati tena, mvua fupi zisikukute mtupu. Mitambo mingi ya kuhifadhi podikasti inakuruhusu kupandisha kipindi leo na kukipangia siku ya kutoka, kwa hivyo saa kumi na mbili ya Jumatano itafika wewe ukiwa bado umelala Busia na mama wa Molo atasikiza bila kujua uko wapi. Wasikilizaji waambieni kwa dakika mbili tu, nimehamishwa kazi, tunarudi tarehe fulani, kila wiki mbili. Msiombe msamaha sana, watu wana shida zao.

Mkitaka siku moja moja kusikika wawili kama zamani, mnaweza. Pigianeni simu ya kawaida, na kila mtu ajirekodi upande wake kwa simu ya pili ama laptopu, mkianza mhesabu mpaka tatu mpige kofi moja pamoja. Binamu anazipanga rekodi mbili kofi juu ya kofi. Laini ikikwaruza haidhuru, kila rekodi imebaki safi kwake. Lakini ile ya kuongea pamoja itabaki, hiyo ni nyinyi kuzoea.

Sasa binamu. Katika barua yako yote kazi yake umeipa nusu mstari, "hunyoosha sauti na kupandisha vipindi". Mwana wa kaka, mtu akikaa na sauti yako saa tatu nne akitoa mihemo na "eeh" zako, zaidi ya mwaka bila shilingi, huyo si msaidizi. Usimjibu kwa ujumbe. Mpigie, leo ukisoma hii, na usianze na Bungoma na bando, anza na kumuuliza yeye angetaka ifanyike vipi, halafu umpe funguo zote, neno la siri, tarehe za kutoka, aamue kipindi gani kinatoka lini. Akisema anataka mtu wa tatu wa kumsaidia Nakuru, kubali kabla hajamaliza sentensi.

Na ile ya mtoto. Nimeisoma mara tatu. "Tulicheka. Mke hakucheka." Wewe mwenyewe umeiandika, kwa hivyo sitakueleza. Umeenda siku tano, umerudi na vumbi, na mtu amekupisha chumba chake uongee na makoti. Jumamosi na Jumapili hakuna maiki katika hiyo nyumba, basi, na hiyo ndiyo sababu nyingine nimekutaka urekodi ukiwa huko huko njiani. Makoti yarudi mahali pake.

Nimalizie na mzee wa ngoma, manake huyo ndiye alinifanya nikuchague wewe kati ya barua zote za wiki hii. Unasema mvua iliharibu. Hebu fikiria tena ulichonisimulia, maana hata mimi nimekisikia bila rekodi. Mzee anakueleza ngoma, mvua inaingia, anaacha wewe mgeni na simu yako anakimbilia ngoma zake, moja moja, kubwa, ya kati, ndogo, anazipeleka kwa moto, na anasema zikinywa maji zinaongea kama mtu ana mafua. Sasa kuna swali gani ungemuuliza likatoa jibu kushinda hilo? Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kila mtu husoma hiyo habari na kusinzia, na wewe unayo sauti ya mtu akizilinda kwa mikono yake kutoka kwa mvua.

Kijana anasema hayo mabati hakuna programu itakayoyatoa bila kumkwaruza mzee, kwa hivyo msiyatoe. Chukua zile dakika kumi za mwanzo zilizo safi, acha mvua iingie kama ilivyoingia, iachwe dakika nzima, hapo binamu kutoka Nakuru aseme kwa sauti yake mzee anafanya nini na amesema maneno gani, arudi kunyamaza. Halafu urudi Khayega asubuhi moja kavu kabla ya saa mbili umalizie stori yake, kibandani kwake, si kwa pikapu, umbebee sukari na majani, na kabla ya kumuuliza chochote umpe spika za masikio asikize ile mvua.